Kupima fomati za kubana sauti bila kupoteza kitu kwa kaseti zako mwenyewe

Ukishaamua kuingiza kaseti za zamani kwenye kompyuta, ziwe za taarab, za dansi au za kwaya, linakuja swali la kuhifadhi. WAV inajaza diski haraka, MP3 inatupa sehemu ya sauti, basi ushike ipi? Jibu fupi ni FLAC, fomati inayobana sauti bila kutupa kitu, na kwa watu wengi linatosha. Lakini FLAC yenyewe ina ngazi 9, WavPack ina hali zake, Apple wana ALAC, na wapo wasioshikika kwa Monkey's Audio. Hapa utaona namna ya kuzipima zote kwa sauti yako, kazi ya jioni moja, ili uamue kwa namba ulizoziona.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote: hizi fomati nne, zikifanya kazi sawasawa, hurudisha sauti ile ile, biti kwa biti. Hakuna inayosikika vizuri kuliko mwenzake. Zinatofautiana katika ukubwa wa faili, muda wa kubana, muda wa kufungua, vifaa vinavyozicheza, na uwezo wa faili kukuambia kwamba limeharibika. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo zito kuliko yote.

Kinachotokea ndani

Enkoda, yaani programu inayobana, inakisia. Inaangalia sampuli zilizopita (namba za vipimo vya sauti vinavyofuatana), inakisia ijayo, kisha inaandika kosa la makisio peke yake. Chukua sampuli mbili zilizofuatana, 1000 na 1040. Mstari ukiendelea vilevile, ya tatu itakuwa 1080. Ikija 1078, kosa ni -2. Namba ndogo kama hiyo, ikiandikwa kwa msimbo wa Rice ambao FLAC inautumia, inaweza kuchukua biti 3 tu badala ya 16. Dekoda, yaani programu inayofungua, inakisia kwa kanuni ile ile, inaongeza kosa lililoandikwa, inapata 1078 kamili.

Ngazi unazochagua zinaamua enkoda ihangaike kiasi gani kutafuta makisio mazuri. Kwenye FLAC, ngazi 0 hadi 2 hutumia makisio mepesi na vipande vya sampuli 1152. Kuanzia 3 vipande huwa vya sampuli 4096 na makisio huangalia nyuma zaidi: sampuli 8 kwa ngazi ya 5, ambayo ndiyo ya kawaida usipotaja ngazi, na hadi 12 kwa ngazi ya 8. Kazi yote ngumu iko upande wa kubana. Kufungua faili la ngazi ya 8 hakukichoshi kicheza muziki kuliko la ngazi ya 0 kwa kiasi utakachokigundua, na ndiyo maana simu ndogo inacheza FLAC ya ngazi yoyote bila kumaliza chaji. Monkey's Audio haiko hivyo: muda iliotumia kubana, karibu wote hutumika tena kufungua, kila unapousikiliza wimbo.

Andaa programu

Kwenye Ubuntu na ndugu zake:

sudo apt install flac wavpack ffmpeg sox

Kwenye Mac, majina ni yale yale kupitia brew. Kwenye Windows kila moja inapakuliwa peke yake. Andika `flac --version` uone una toleo gani. Toleo la 1.4 na kuendelea linaweza kubana sauti ya biti 32 za namba kamili, la 1.5 linaongeza `-j`, linalogawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa, kwa mfano `-j4`.

Chagua sauti ya kupimia

Usipime kwa wimbo mmoja. Chukua vipande sita hadi kumi vya WAV, jumla angalau nusu saa, na viwe vya aina mbalimbali: udi au kinanda peke yake, bendi kamili yenye ngoma na magitaa, sauti ya mtu akizungumza, na kipande kimoja cha kisasa kilichorekodiwa kwa sauti ya juu mwanzo hadi mwisho. Muziki uliotulia hubanika sana. Uliojazwa hadi juu hubanika kidogo. CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde ikiwa haijabanwa, na kwa muziki mwingi FLAC huishusha hadi kati ya asilimia 50 na 70 ya hapo. Ukipima kwa bongo fleva peke yake utaiona FLAC mbovu, ukipima kwa udi peke yake utaiona ya ajabu.

Kisha hakikisha WAV yenyewe ni ya kweli. Kuna faili nyingi zinazozunguka ambazo zilikuwa MP3, mtu akazigeuza WAV au FLAC akidhani amezirudishia ubora. Hajarudisha kitu, amepanua faili tu. Chora picha ya masafa:

sox kaseti1.wav -n spectrogram -o picha.png

MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida huacha ukingo ulionyooka kama uliokatwa kwa rula karibu na kilohezi 16, juu yake giza tupu. Mkanda wa kaseti nao hupungua huko juu, lakini hufifia taratibu na mchirizo wa kelele unabaki. Ukiziona picha mbili hizo pamoja mara moja, hutazichanganya tena.

Kagua na kina cha biti:

ffmpeg -i kaseti1.wav -af astats -f null -

Tafuta mstari wa Bit depth. Faili likijiita la biti 24 na hapo ikasomeka 16 badala ya 24, biti 8 za chini ni sifuri tupu: kifaa cha kurekodia kilitoa 16 na programu ikajaza zilizobaki. FLAC huzigundua sifuri hizo na kuzitupa, kwa hiyo matokeo yake yatakuwa mazuri kupita kiasi, na kipimo chako hakitafanana na kanda nyingine.

Piga muhuri kabla ya kubana

Kwa kila WAV, chukua MD5 (muhuri wa namba na herufi unaobadilika hata biti moja ikibadilika) ya sauti yenyewe, siyo ya faili zima:

ffmpeg -v error -i kaseti1.wav -map 0:a -c:a pcm_s24le -f md5 -

Kwa sauti ya biti 16 weka pcm_s16le. Nakili namba hiyo pembeni. Baada ya kubana, endesha amri ile ile juu ya FLAC, WavPack au m4a. Muhuri ukifanana, hakuna biti iliyopotea. Usitumie `md5sum` ya kawaida kwa kazi hii. Yenyewe inasoma na kichwa cha faili, majina ya nyimbo na picha ya jalada, kwa hiyo faili mbili zenye sauti moja zitakupa mihuri miwili tofauti, uanze kuhangaika bila sababu.

Bana, ukipima muda

for n in 0 3 5 8; do time flac -$n -s -f --no-padding -o k$n.flac kaseti1.wav; done

Weka `--no-padding` wakati wa kupima tu. FLAC huacha nafasi tupu ya baiti 8,192 kwa ajili ya maelezo utakayoongeza baadaye, na kwenye vipande vifupi nafasi hiyo inapotosha hesabu. Kwa kazi yenyewe iache, kwa sababu bila hiyo kila ukisahihisha jina la mwimbaji faili zima linaandikwa upya. Picha za jalada nazo ziondoe kabla ya kupima.

WavPack:

wavpack -y -m kaseti1.wav -o w.wv
wavpack -y -m -h kaseti1.wav -o wh.wv
wavpack -y -m -hh -x3 kaseti1.wav -o whh.wv

Hapo `-m` inahifadhi muhuri wa MD5 ndani ya faili. WavPack haiuweki usipoiambia. `-h` na `-hh` huongeza ukali wa kubana na pia uzito wa kufungua. `-x1` hadi `-x6` huongeza muda wa kubana tu, kufungua kunabaki vilevile. Epuka `-x6` kwa kazi ya kila siku: ni polepole mno kwa faida yake.

ALAC, kwa njia iliyo rahisi kwenye kompyuta yoyote:

ffmpeg -i kaseti1.wav -c:a alac kaseti1.m4a

Na Monkey's Audio, kwa ngazi ya High (programu yake inaitwa mac, haimo kwenye amri ya kuandaa hapo juu, ipakue peke yake):

mac kaseti1.wav kaseti1.ape -c3000

Rudia kila amri mara tatu, tupa jibu la kwanza. Mara ya kwanza kompyuta inasoma WAV kutoka kwenye diski. Mara zinazofuata inaisoma kutoka kwenye kumbukumbu yake, na usipojua hilo utailaumu enkoda iliyotangulia. Funga kivinjari. Laptopu iwe kwenye umeme, maana ikiwa kwa betri nyingi hupunguza kasi ya prosesa.

Muda wa kufungua pima hivi:

time flac -d -s -c k8.flac > /dev/null
time wvunpack -q -v whh.wv

Kuzisoma namba

Kilobiti kwa sekunde ni baiti za faili mara 8, gawanya kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni sekunde 1,800. Kwa biti 24 na kilohezi 96, stirio, WAV ni baiti 1,036,800,000. Tuseme FLAC imetoa 580,000,000: hiyo ni asilimia 56, au kilobiti 2,578 kwa sekunde. Unapojumlisha vipande vyote, jumlisha baiti kwanza ndipo utafute asilimia. Ukichukua wastani wa asilimia, kipande cha dakika moja kitakuwa na uzito sawa na cha dakika ishirini.

Utaona kwamba kutoka ngazi 0 hadi 5 kuna pengo la kueleweka, na kutoka 5 hadi 8 pengo ni dogo sana, mara nyingi halifiki asilimia 1. WavPack ya `-h` au `-hh` itakuwa jirani na FLAC ya 8. Monkey's Audio itazipita zote kwa asilimia chache. ALAC kwa kawaida inabaki nyuma kidogo ya FLAC.

Sasa weka pengo hilo kwenye mizani ya kazi nzima. Kaseti 100 za dakika 90, kwa 24/96, ni kama gigabaiti 311 za WAV. Asilimia 1 yake ni gigabaiti 3. Hicho ndicho unachogombania unapobishana kuhusu ngazi ya 5 na ya 8. Ukirekodi kwa kilohezi 48 badala ya 96, WAV zinashuka hadi gigabaiti 156 kabla hujabana hata moja. Mwongozo wa kimataifa wa watunza kumbukumbu za sauti, IASA-TC 04, unataka angalau kilohezi 48 na biti 24, kwa hiyo 48 ni chaguo halali. Kwa kaseti ya kawaida, iliyorekodiwa kwa redio-kaseti ya nyumbani, ndiyo ningeishika.

Kwa nini kaseti inagoma kubanika

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na enkoda isiyo na hatia. Kelele ya mkanda, ule mchirizo wa "shhh", haikisiki. Hakuna kanuni inayoweza kujua namba inayofuata ya kitu kisicho na mpangilio, kwa hiyo kila biti ya kelele inaandikwa nzima.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila biti moja ni kama desibeli 6. Rekodi sekunde kumi za mkanda mahali pasipo na muziki, soma kiwango cha kelele kwenye astats. Tuseme ni -60. Gawanya kwa 6: muziki wako uko ndani ya biti 10 za juu. Kati ya 24 zimebaki 14, na hizo zimejaa kelele. Biti 14 mara sampuli 96,000 mara chaneli 2 ni kilobiti 2,688 kwa sekunde. Kelele halisi ya mkanda hufifia juu ya kilohezi 20 hivi, na hapo makisio hupata nafuu kiasi, kwa hiyo faili litashuka kidogo kuliko hesabu hii. Lakini sasa unajua kwa nini FLAC inakupa asilimia 56 kwa kaseti ileile ambayo ukiwa na CD yake ungepata chini zaidi, na kwa nini kuhama fomati hakutakuokoa. Fomati zote zinagonga ukuta ule ule.

Kaseti za mono zina mtego wao. Sauti ileile iko kwenye chaneli zote mbili, na FLAC hujua kuandika tofauti ya chaneli badala ya chaneli yenyewe, hivyo ungetegemea faili lishuke karibu nusu. Halishuki, kwa sababu kila nusu ya mkanda ina kelele yake, na kichwa cha deki kikiwa kimeinama kidogo chaneli moja inatangulia nyingine. Nyosha kichwa kwanza: skrubu ndogo pembeni ya kichwa, zungusha polepole huku ukisikiliza chaneli mbili zikiwa zimechanganywa kuwa moja, simama pale sauti za juu zinapong'aa zaidi. Rekodi upya, pima tena. Nakala ya kuhifadhi iache ya stirio. Ya kusambaza unaweza kuichanganya kuwa mono, utapunguza faili na kelele pia, karibu desibeli 3.

Uamuzi

FLAC kwa hifadhi, ngazi ya 8. Faida yake ya ukubwa ni ndogo, lakini laptopu ya leo inabana saa nzima ya CD kwa chini ya dakika moja na unabana mara moja tu. FLAC inacheza kwenye Android tangu 3.1, kwenye Windows 10 na kwenye vivinjari, ina muhuri wa MD5 ndani yake bila kuombwa, na tangu Desemba 2024 maelezo yake yote yameandikwa rasmi kama RFC 9639, hati ya wazi ya viwango vya intaneti. Hilo la mwisho lina maana: hata enkoda ya leo ikipotea, mtu ataweza kuandika nyingine.

Ikiwa wasikilizaji wako wanatumia programu ya Music ya Apple, wape ALAC, kwa sababu programu hiyo haipokei FLAC. Hifadhi yenyewe ibaki FLAC na ALAC zitoke humo. Muhuri wa MD5 wa sauti haumo ndani ya ALAC, kwa hiyo uweke pembeni kwenye faili la maandishi.

WavPack inashinda mahali pawili. Kwanza, programu ya kurekodia ikikupa WAV ya biti 32 za desimali: `flac` inalikataa faili hilo, na ukipita kwa ffmpeg linageuzwa kimyakimya kuwa namba kamili, vilele vilivyovuka sifuri ya desibeli vikakatwa. WavPack inalibana lilivyo. Pili, hali ya mseto: `wavpack -b256 -c kaseti1.wav` inatoa faili dogo la kusikiliza na faili la .wvc la masahihisho. Ukiwa nayo yote mawili unapata sauti kamili, ukiwa na simu yenye nafasi finyu unabeba lile dogo tu.

Monkey's Audio ina haki yake kwa anayebana ili kuweka kabatini na diski ni ghali kwake. Kwa hifadhi ya watu wengi siishauri: vifaa vinavyoicheza ni vichache, na uzito wa kufungua unalipwa kila siku.

Onyo kuhusu ffmpeg: kwenye FLAC inakubali `-compression_level` hadi 12, lakini ngazi za 11 na 12 huangalia nyuma hadi sampuli 32. Kwa sauti ya hadi kilohezi 48 hilo linavuka kikomo cha 12 ambacho vicheza muziki vidogo na redio za gari vimetengenezewa. Faili litacheza vizuri kwenye kompyuta, likakwama kwenye gari la mteja. Ishia 8.

Kubana kazi nzima na kuhakiki

flac -8 -V --keep-foreign-metadata --output-prefix=hifadhi/ *.wav

`-V` inafungua kila kipande palepale na kukilinganisha na asili. RAM mbovu hugundulika hapa. `--keep-foreign-metadata` inahifadhi maelezo ambayo kinasa sauti kiliandika ndani ya WAV, kama tarehe na saa, ambayo vinginevyo hutupwa. Folda ya hifadhi iwepo kabla ya kuanza.

Angalia WAV ndefu. Kichwa cha WAV hakiwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 4, na kwa 24/96 stirio kikomo hicho kinafikiwa baada ya saa 2 na dakika 4. Programu zenye kikomo cha gigabaiti 2 hufika baada ya saa 1 na dakika 2. Ukiacha kinasa kikiendelea, kichwa kinaandika urefu wa uongo na enkoda inabana kipande tu. Linganisha urefu wa FLAC na saa ya mkanda. Dawa ni kusimamisha kila upande wa kaseti, au kurekodi kwa RF64, aina ya WAV isiyo na kikomo hicho.

Umeme ukikatika katikati ya kubana, faili lililoachwa njiani linaweza kucheza kama zima na kuishia ghafla. Lisake hivi:

flac -t -w -s hifadhi/*.flac

Faili zima halisemi kitu. Lililokatika au lenye biti iliyogeuka litatoa kosa, na lenye muhuri wa sifuri litatoa onyo kwamba MD5 haikuwekwa. `-w` inalifanya onyo hilo lihesabiwe kosa. Sababu nyingine ya muhuri wa sifuri ni kubana kupitia bomba la amri, ambapo enkoda haiwezi kurudi mwanzo wa faili kuandika muhuri. Liwe lipi, libane upya kutoka WAV.

WAV usizifute siku hiyo. Subiri `flac -t` ipite kimya, muhuri wa ffmpeg ulingane na ule ulioandika mwanzo, na nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, nayo ipitishwe `flac -t` ikiwa huko huko kwenye diski hiyo, kwa kuwa kebo mbovu ya USB huharibu wakati wa kunakili. Flashi isihesabiwe kuwa nakala ya pili. Rudia ukaguzi huo kila baada ya miezi sita, na faili likifeli kwenye diski moja, lichukue zima kutoka kwenye nyingine siku hiyohiyo.